Vifaa vya kubadilisha nyuzi za piano: vipi ni vya lazima, vipi ni vya kujazia sanduku?

#1 Kinanda_Wima
Wakuu salaam. Piano yangu ya wima imekatika uzi kule juu, F# ya oktava ya sita. Nyundo sasa inapiga nyuzi mbili badala ya tatu. Nataka kuubadilisha mwenyewe, lakini kila orodha ya vifaa ninayokutana nayo ina vitu kumi na tano hadi ishirini, vingine hata sielewi vinafanya kazi gani. Msimamo wangu: ufunguo wa kutunia, plaizi ya mdomo mwembamba, plaizi ya kukatia na bisibisi vinatosha kwa uzi mmoja. Vilivyobaki ni vya fundi anayefunga piano nzima. Anayepinga aje na sababu, asije na orodha nyingine.

#2 Maikromita_Mkononi
Napinga. Kifaa cha kwanza kabisa umekiruka. Utanunua waya namba ngapi? Nyuzi za piano zinapanda kwa nusu namba, na kila nusu namba ni tofauti ya mm 0.025 tu. Namba 13 ni mm 0.775, namba 14 ni mm 0.825, namba 16 ni mm 0.925. Jicho haliwezi kutenganisha hizo. Pata maikromita (kifaa cha kupimia unene mdogo sana), pima kipande kilichokatika mahali ambapo waya umenyooka na hauna kutu, kisha pima na jirani zake wa kulia na kushoto.

#3 Pedali ya Kulia
Nimekaa mstari wa mbele. Waje wenye fani.

#4 Oktava_Saba
#2 jina lako tu linatosha kutuambia utasema nini 😀 Kalipa ya dijitali si inatosha?

#5 Maikromita_Mkononi
Haitoshi. Kalipa za kawaida zinaweza kukosea mm 0.02 au 0.03, na hiyo ndiyo nusu namba yenyewe. Ukisoma 0.84 utachukua 14 au 14 na nusu? Ni kubahatisha tu. Tena mvutano unakua kwa mraba wa kipenyo: ukiweka 0.850 mahali pa 0.825 kwa nota ileile, mvutano unaongezeka kama asilimia 6. Piano itakubali, ila uzi huo na wenzake wawili hawatapatana vizuri, utakuwa unatuni na bado unasikia sauti inapanda na kushuka kama mawimbi.

#6 Mzee Nyundo
Kijana wa #1, kabla ya vifaa nenda kaangalie kitu kimoja. Kwenye piano nyingi waya mmoja ni nyuzi mbili: unatoka kwenye pini ya juu (ile inayozungushwa kwa ufunguo wa kutunia), unashuka, unazunguka pini ndogo ya chini kwenye fremu, unarudi juu hadi pini ya pili. Waya ukikatika zinapotea nyuzi mbili kwa pamoja. Sasa wewe unasema F# imebakiwa na mbili, maana yake imepoteza mmoja tu. Yule wa pili yuko wapi? Tazama nota za jirani. Nota ina nyuzi tatu, waya unatoa mbili, kwa hiyo lazima waya fulani ugawanywe kati ya nota mbili.

Jambo hili linagusa vifaa, usilione dogo. Utafanya kazi kwenye pini mbili, utapima urefu mara mbili, na utahitaji kitu cha kuushika ule mzunguko wa kwanza usifumuke wakati unahangaika na wa pili.

#7 Kinanda_Wima
Shikamoo mzee. Nimefungua kifuniko cha mbele. G ya pembeni nayo ina nyuzi mbili, na pini yake ya tatu ina kipande kidogo cha waya kimening'inia. Asante sana.

#8 Mzee Nyundo
Marahaba. Basi hicho kipande usikitupe, ndicho cha kupimia.

#9 Fremu_ya_Chuma
Nyongeza kwa #6: si piano zote. Bösendorfer kwa mfano wanajulikana kwa kufunga kila uzi peke yake, wenye kitanzi chake mwisho. Hapo ukikatika mmoja umekatika mmoja. Na Blüthner wana piano zenye uzi wa nne sehemu ya juu usioguswa na nyundo, unaitika tu wenyewe. Kwa hiyo hesabu ya nyuzi ifanyike kwenye piano iliyo mbele yako.

#10 Dada Tremolo
Habari zenu. Narudi kwenye swali. Nimefunga nyuzi za kutosha kuwa na vipendwa vyangu, kwa hiyo natetea vifaa viwili ambavyo #1 amevikata.

Cha kwanza ni ndoano ya kuinulia mizunguko. Waya unapojikunja kwenye pini, ile mizunguko mitatu inatakiwa ilale pamoja, imegusana, bila mwanya. Ikipandana au ikiachana, kila ukituni inahama kidogo na sauti inashuka. Unaingiza ndoano chini ya mzunguko, unauvuta kuelekea juu ya pini huku mkono mwingine ukikaza ufunguo taratibu. Bisibisi pana inaweza, ila inateleza, na ikiteleza inachora fremu au inagonga uzi wa jirani.

Cha pili ni koleo la kubana kikunjo. Ncha ya waya inaingia kwenye tundu la pini halafu inakunjwa kona kali. Kona hiyo ikibaki ya duara, uzi utakuwa unajivuta ndani polepole kwa wiki nzima. Plaizi ya mdomo mwembamba inafanya, mradi ubane pande zote mbili za pini na usiichubue waya. Hapo kwenye kuchubua ndipo watu wanapoharibu: meno ya plaizi yakiacha alama kwenye waya wa piano, hapo ndipo utakapokatikia.

#11 Bisibisi_ya_Zamani
Natofautiana na Dada Tremolo kuhusu bisibisi. Piga msasa kingo zake, zungushia utepe, umepata ndoano. Zana ni mkono wa anayeishika.

#12 Dada Tremolo
Mkono wako sikatai. Nasemea mkono wa mtu anayefanya uzi wa kwanza maishani mwake, ndani ya piano ya wima, shingo imepinda, taa inamwangaza usoni.

#13 Oktava_Saba
Nimesoma mahali kwamba uzi wa piano unavutwa kwa tani 20. Ni kweli? Maana kama ni hivyo sitaki hata kusogea.

#14 Fremu_ya_Chuma
Hapana mkuu. Tani 18 hadi 20 ni jumla ya nyuzi zote kwenye piano, nazo ni kama 230. Gawanya mwenyewe: uzi mmoja unapata kilo 70 hadi 90 hivi. Hizo nazo ni nyingi, waya ukiachia unaruka. Kwa hiyo kwenye orodha ya #1 iongezwe miwani ya kukinga macho. Mambo mengine tunaweza kujadili, hili la macho halina mjadala.

#15 Pedali ya Kulia
Nakazia #14. Na waya mpya ukiwa kwenye bunda ni hatari kuliko uliofungwa. Umesokotwa kwa nguvu, ukikata kile kifungio bila kuushika unafumuka wote kwa mpigo mmoja. Waliozoea wanauhifadhi kwenye kopo lenye tundu, wanavuta kiasi wanachotaka.

#16 Bisibisi_ya_Zamani
Fremu ya chuma yenyewe ndiyo iliyowezesha mvutano huo. Kabla Steinway hawajaivumbua piano zilikuwa za mbao tupu na nyuzi nyembamba.

#17 Fremu_ya_Chuma
Kwa jina nililojipa siwezi kuliacha hilo lipite. Fremu ya chuma ya kipande kimoja ilisajiliwa na Alpheus Babcock wa Boston mwaka 1825. Steinway walikuja baadaye, na hati yao ya 1859 ilihusu kupitisha nyuzi za besi juu ya nyingine kwenye piano za kulala. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#18 Bisibisi_ya_Zamani
Nimekusoma. Ila Cristofori alitengeneza piano mwaka 1700 hivi huko Florence, bila fremu hiyo wala maikromita ya #2, na zikalia.

#19 Maikromita_Mkononi
Zikalia kwa nyuzi zilizovutwa kwa nguvu ndogo sana kuliko hizi za leo. Turudi kwa F# ya mwenzetu jamani.

#20 Mzee Nyundo
Tumerudi. Nieleze ninavyofanya, kisha mtaona kifaa gani kinaitwa na hatua gani.

Toa mashine ya nyundo kwanza. Piano ya wima nyingi unafungua vifungo vya juu, unaitoa yote kwa mikono miwili na kuisimamisha mahali salama. Usifanye kazi nyuzi zikiwa nyuma ya nyundo, utavunja vijiti.

Legeza pini ya uzi uliokatika mizunguko mitatu, toa mabaki. Kwa nini mitatu? Kwa sababu uzi mpya utakula mizunguko mitatu kurudi, na pini itakaa kina kilekile ilichokuwa. Pini ina hesi ndogondogo kama za skrubu, inapanda kidogo kila mzunguko. Ukilegeza sita ukarudisha tatu, pini itabaki imechomoza kuliko wenzake na itabidi uigonge.

Mzunguko wa kwanza natengenezea nje, kwenye pini ya akiba niliyoichomekea mpini wa mbao. Nasokota mitatu, nachomoa, nahamishia kwenye pini ya piano, nabana kikunjo. Waya naushusha, unapita chini ya ule mwamba unaokandamiza nyuzi, kwenye pini za daraja (ule ubao unaobeba nyuzi) upande sahihi, unazunguka pini ya chini, unarudi juu. Hapo sasa ndipo unapokata kwa pini ya pili, na kipimo ni vidole vitatu kupita pini.

#21 Oktava_Saba
Vidole vya nani mzee? Vyangu na vya mtoto wangu?

#22 Maikromita_Mkononi
Swali la #21 ni la msingi kabisa. Tupige hesabu. Pini ya 2/0 (hiyo ni namba ya unene wa pini) ina kipenyo cha kama mm 7.1. Waya namba 14 ni 0.825. Mzunguko mmoja kupita katikati ya waya ni 7.925 mara 3.14, karibu mm 25. Mitatu ni mm 75, ongeza kidogo cha kuingia kwenye tundu. Vidole vitatu vya watu wengi havifiki mm 60, hiyo ni mizunguko miwili na kitu. Vinne ndivyo vinakaribia. Rula ya chuma ni kifaa cha kununua, mzee wangu.

#23 Mzee Nyundo
Mkono wangu ni mpana kijana. Pia siukazi waya ukanyooka kabisa ninapopima, ule ulegevu unaongeza. Lakini kwa anayeanza, chukua rula yako, sikatai.

#24 Dada Tremolo
Na mkikata, ncha isitokeze upande wa pili wa tundu. Ikitokeza inachana vidole vya kila atakayetuni piano hiyo baada yako.

#25 Kinanda_Wima
Plaizi ya kukatia niliyonayo ni ya waya za umeme. Nimejaribu kukata kile kipande cha zamani, imekata, lakini mdomo umebaki na kidonda. Ni kawaida?

#26 Pedali ya Kulia
Ndiyo kawaida yake. Waya za umeme ni shaba laini. Huu ni chuma cha kaboni nyingi kilichovutwa hadi kinahimili megapaskali zaidi ya 2,000. Tafuta plaizi iliyoandikwa kuwa ni ya waya mgumu. Ikishapata vidonda viwili vitatu haikati tena, inatafuna, na ncha iliyotafunwa haiingii kwenye tundu.

#27 Bisibisi_ya_Zamani
Kwa uzi mmoja, kata kwa hiyohiyo sehemu ya ndani karibu na bawaba, pana nguvu zaidi. Mbona tunamfanya mtu anunue duka zima?

#28 Fremu_ya_Chuma
Kwa sababu uzi mmoja hauji peke yake. Ukikatika mmoja kwenye eneo lilelile, wenzake wana umri uleule.

#29 Oktava_Saba
Hapo umenigusa. Kwa nini ulikatika kwanza? Tusije tukabadilisha na wa pili nao ukakatika.

#30 Mzee Nyundo
Kutu mahali unapopinda. Naona hivyo mara nyingi. Ndiyo maana nikituni piano ya muda mrefu, nalegeza kila uzi kidogo kabla ya kukaza, ule ulioganda uachie kwanza. Utasikia unalia "tik". Ukikaza moja kwa moja, kutu inaushikilia pale juu na kipande kifupi kinachukua mvuto wote.

#31 Dada Tremolo
Mimi nalaumu nyundo. Sufi iliyoshindiliwa miaka mingi inakuwa ngumu, ina mifereji mirefu ya nyuzi, inapiga kwa kishindo. Uzi unachoka pale unapopinda juu. Badilisha uzi bila kugusa nyundo, utarudi.

#32 Maikromita_Mkononi
Au uliwahi kubadilishwa kwa namba kubwa, ukawa unavutwa kuliko ilivyopangwa. Pima kile kipande.

#33 Kinanda_Wima
Nimepata maikromita ya kuazima. Kipande: 0.825. Uzi uliobaki wa F#: 0.825. Nyuzi za G: 0.825. Kwa hiyo namba 14 zote, nadharia ya #32 imeanguka. Umekatikia kwenye kona ya kuingia tundu la pini, na hapo pana weusi kidogo.

#34 Mzee Nyundo
Weusi ni kutu.

#35 Dada Tremolo
Au ni mahali plaizi ya mtu ilipouma zamani, kisha pakashika kutu. Weusi hauelezi kilichoanza.

#36 Pedali ya Kulia
Hapo mtabishana hadi usiku. Mleta mada, ufunguo wako una ncha gani? Pini nyingi za kisasa zinakaa kwenye ncha namba 2, ya nyota yenye pembe nane. Nyota inakupa nafasi ya kuushika mpini kila digrii 45, ndani ya piano ya wima utaishukuru. Ncha iliyolegea kwenye pini inaimomonyoa kona, na ukiwa unakaza hutajua kama inayosogea ni pini au ni ncha. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kununua kizuri, ni huo.

#37 Oktava_Saba
Naweza kulegeza pini kwa drili? Nimeona mtu akifanya, ni haraka ajabu.

#38 Fremu_ya_Chuma
Wanaofunga piano nzima wanatumia, kwa mwendo mdogo na kwa vipindi. Ukizungusha kasi mfululizo pini inapata joto, na joto linaunguza ubao unaoishika. Pini ikishalegea hapo, suluhisho ni pini nene zaidi. Kwa pini mbili, tumia mkono.

#39 Besi_Nzito
Nachomekea jamani, wangu ni wa besi, ule uliozungushiwa shaba. Vifaa ni vilevile?

#40 Dada Tremolo
Mkononi ni vilevile, dukani ni tofauti. Waya wa besi haukatwi kutoka kwenye bunda, unatengenezwa kwa vipimo: kipenyo cha waya wa ndani, kipenyo pamoja na shaba, urefu kutoka kitanzi hadi shaba inapoanzia, na inapoishia. Njia ya uhakika ni kupeleka uzi wa zamani na vipande vyake vyote. Ukiufunga, usokote mzunguko mmoja kuelekea upande shaba ilikosokotewa, ndipo uvishe kitanzi kwenye pini ya chini.

#41 Bisibisi_ya_Zamani
Huo usokotaji nimeusikia kwa kila fundi na kila mmoja ana sababu yake. Mmoja anasema unakaza shaba, mwingine anasema unazuia isilegee baadaye, mwingine anasema unaondoa mkwaruzo tu.

#42 Dada Tremolo
Mimi nausokota kwa sababu nisiposokota, baadhi zinanguruma. Hiyo inanitosha.

#43 Kinanda_Wima
Mrejesho. Uzi umeingia. Nimetumia ufunguo wenye ncha namba 2, maikromita, rula, plaizi ya waya mgumu, plaizi ya mdomo mwembamba, ndoano ya kuazima na miwani. Mizunguko imelala vizuri. Tatizo: nautuni jioni, asubuhi F# na G zote zimeshuka, upande wa waya mpya tu. Pini imelegea?

#44 Pedali ya Kulia
Hongera. Huo ni waya mpya, unanyooka. Chuma kikivutwa kinaendelea kurefuka kidogo kwa siku kadhaa.

#45 Mzee Nyundo
Chuma hakirefuki hivyo. Ni kona. Waya mpya una upinde laini kwenye pini za daraja, kwenye pini ya chini na kwenye mizunguko. Kila upinde unajikaza na kuachia urefu kidogo. Ushike kwa vidole karibu na zile kona, ukande taratibu zinyooke, utuni tena.

#46 Maikromita_Mkononi
Au kikunjo cha #10 hakijabanwa. Weka alama ya kalamu waya unapoingia kwenye tundu, angalia kesho kama imesogea. Na pini usiitoe kwenye lawama bado, imezungushwa mitatu kwenda na mitatu kurudi. Alama isiposogea na sauti ikashuka, tazama kichwa cha pini.

#47 Fremu_ya_Chuma
Ikaze kidogo kupita nota, iache, kisha uziweke kabari nyuzi mpya zisilie wakati wengine wanapiga. Utatuni tena na tena kabla haijatulia, hilo kila fundi analitegemea.

#48 Bisibisi_ya_Zamani
Na uugonge uzi taratibu kwa kijiti cha shaba pale darajani, ukae chini.

#49 Mzee Nyundo
Usigonge! Unachimba mbao za daraja. Kandamiza kwa kidole au kwa kijiti cha mbao, basi.

#50 Bisibisi_ya_Zamani
Mzee, uzi ulioelea juu ya daraja unalia vibaya, kidole hakiushushi. Gonga kidogo, si kwa hasira.

#51 Dada Tremolo
Ukiwa umeelea ni kwa sababu pini za daraja zimelegea kwenye mbao, unapanda nazo. Ukigonga unashuka leo, mwezi ujao umepanda tena na daraja lina kidonda.

#52 Kinanda_Wima
Nimeweka alama ya kalamu kama alivyosema #46. Nimekanda kona pia, kwa hiyo sitajua ni kipi kimefanya kazi 😅 Sijagonga kitu.

#53 Maikromita_Mkononi
Ungekanda upande wa G tu, F# ukauacha, ungetujibia swali. Bado unaweza: fuatilia alama kwenye pini zote mbili, usiguse kingine hadi kesho jioni.

#54 Besi_Nzito
Wakati tunasubiri, nimepima wangu: waya wa ndani mm 1.1, na shaba mm 3.4. Ila kitanzi kimebaki kwenye fremu na sioni shaba inaanzia wapi. Nianzie wapi kupima?

#55 Dada Tremolo
Chukua uzi wa jirani wa juu na wa chini yake, pima kila mmoja kutoka pini ya fremu hadi shaba inapoanzia, wako utaangukia katikati. Kitanzi kichomoe ukakifunge pamoja na kipande kikubwa.